Miombo Ikipukutika Haijafa

Mwezi Agosti ukipita barabara ya Tabora kwenda Mpanda, abiria wengi huvuta pazia la dirisha wakalala. Nje, kwa macho yao, hakuna cha kutazama. Miti imebaki matawi, nyasi zimeungua, ardhi imejaa majivu. "Pori tupu hili," husema mmoja, na wenzake huitikia. Nimeyasikia maneno hayo ndani ya mabasi, nimeyasikia maofisini, nimeyasikia hata kwa watu waliozaliwa Sikonge na Urambo. Huwa yananiuma, maana misitu ya magharibi mwa Tanzania imeumizwa zaidi na watu waliokuja kuitazama wakati wa kiangazi, wakaiona haina kitu, wakaipangia kazi nyingine.

Miombo ni msitu unaopukutisha majani. Kuanzia Mei mvua hukoma, na Tabora inaweza kukaa miezi mitano au sita bila tone la maana. Jani ni mlango wa kutolea maji. Mti ukibaki na majani yake yote wakati udongo umekauka, utajikausha wenyewe. Kwa hiyo mtundu, myombo, mninga na jamaa zao hufyonza kilicho bora kutoka kwenye jani, wakakirudisha shinani na mizizini, kisha wakaliachia jani lianguke. Hiyo ni kazi ya mti ulio hai na unaojua hesabu yake.

Kitu cha ajabu zaidi hutokea baadaye. Mwishoni mwa Agosti au Septemba, jua likiwa kali kuliko wakati wowote, udongo wa juu ukiwa mkavu kabisa na mvua ikiwa bado mbali kwa wiki kadhaa, miombo huchipua. Haisubiri mvua. Inatumia maji iliyoyahifadhi kwenye shina na yale ambayo mizizi yake mirefu inayafikia chini kabisa. Na majani hayo mapya hayatoki ya kijani. Mtundu hutoa majani mekundu, ya rangi ya shaba, mengine ya zambarau, na mlima mzima unaweza kuwaka rangi hizo kwa siku kadhaa kabla haujageuka kijani. Wataalamu wa mimea husema rangi hiyo hulikinga jani changa dhidi ya jua kali na pengine dhidi ya wadudu, kabla halijakomaa. Mimi nasema tu kwamba asiyewahi kuiona miteremko ya Ugalla mwishoni mwa Septemba hajaiona miombo, hata kama amekaa ndani yake miaka yote.

Ugalla ndiyo ninayoizungumzia hasa. Mto Ugalla hukusanya maji ya nyanda za Tabora na Katavi, ukaungana na Malagarasi, na maji hayo yote huishia Ziwa Tanganyika. Kwa miongo mingi eneo lake la katikati lilikuwa Pori la Akiba la Ugalla, na mwaka 2019 sehemu yake ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, mwaka uleule zilipozaliwa hifadhi za Nyerere na Burigi-Chato. Upande wa magharibi, kuelekea Kigoma, miombo hiyohiyo inaendelea juu ya vilima na mabonde, na kaskazini iko ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Kiikolojia hilo ni eneo moja, hata kama kwenye ramani limekatwa vipande vyenye majina na mamlaka tofauti.

Anayekuja Ugalla akitarajia Serengeti ataondoka amekasirika. Udongo wa miombo ni wa zamani sana, umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno, na nyasi zake zikishakomaa zinakuwa ngumu zenye lishe ndogo. Ardhi ya namna hiyo hailishi makundi ya maelfu. Wanyama wake ni wachache kwa kila kilomita, na hutembea mbali. Lakini ndiko nyumbani kwa palahala, ambaye wengine humwita mbarapi, mwenye pembe zilizopinda nyuma na dume lake jeusi tititi. Ndiko kwa korongo, swala mkubwa mwenye uso wa mabaka meusi na meupe. Ndiko kwa kongoni na pofu. Siri yao ni kujua mahali pa kuwa kila mwezi. Katikati ya vilima vyenye miti ziko mbuga, yale mabonde ya udongo mweusi ambayo masika hujaa maji na kiangazi hubaki na unyevu chini. Miti ikipukutika juu, nyasi changa huwa bado zinachipua chini mbugani. Palahala hushuka. Mvua zikirudi, hupanda tena. Ukiilinda miti ukaiacha mbuga yote ilimwe mpunga, umemkata mnyama huyu nusu ya mwaka wake. Mto nao kiangazi husinyaa ukabaki madimbwi, na viboko na mamba hubanana humo hadi mvua ziwafungulie.

Hata ndege wana namna yao. Unaweza kutembea kiangazi muda mrefu usisikie hata mmoja, ukadhani msitu umehamwa. Ghafla mti mmoja unajaa: ndege wadogo wa aina nyingi tofauti, huyu akipekua gome, yule ncha za matawi, mwingine akidaka wadudu wanaoruka, wote wakisonga pamoja kutoka mti hadi mti. Chakula kikiwa haba, macho mengi huona hatari mapema, na kila aina ina mahali pake pa kutafutia. Kundi likipita, kimya kinarudi. Majani mekundu yakitoka, viwavi huanguliwa juu yake, na ndipo wageni kutoka kaskazini ya dunia nao hufika kula.

Halafu wapo sokwe. Watu wengi wanapofikiria sokwe wa Tanzania wanafikiria Gombe na Mahale, kando ya ziwa. Lakini wapo sokwe wanaoishi ndani ya miombo, magharibi mwa mto Ugalla, katika mojawapo ya makazi makavu zaidi ambamo sokwe wanajulikana kuishi. Mwaka 2007 watafiti waliripoti kwamba sokwe hao hutumia vijiti na vipande vya magome kuchimba mizizi na viazi pori. Kilichonishangaza si kuchimba kwenyewe. Walikuwa wakichimba msimu wa mvua, wakati matunda yapo, wala si wakati wa njaa. Kisha mwaka 2022, kutoka bonde la Issa lililo katika eneo hilohilo, ukatoka utafiti mwingine uliowatazama wakitembea kwa miguu miwili. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba mababu wa binadamu walisimama wima baada ya kushuka mitini kwenda nchi ya wazi. Sokwe wa Issa wanaishi katika nchi ya wazi ya namna hiyo, na zaidi ya asilimia 85 ya mara waliposimama wima walikuwa juu ya miti, si chini. Swali kubwa kabisa kuhusu asili yetu sasa linatafutiwa majibu ndani ya msitu ambao abiria wa basi anauita tupu. Sijui hoja gani nyingine ingehitajika kuulinda.

Nirudi chini ardhini, maana huko ndiko utajiri wenyewe ulipo na ndiko wachache hutazama. Udongo maskini kama huu hautoshi kuikuza miti mikubwa namna ile peke yake. Mtundu na myombo huishi kwa ushirika na kuvu. Nyuzi zake laini huivika mizizi, zikaenea mbali kuliko mzizi unavyoweza, zikaleta madini na maji. Mti nao hulipa kwa sukari inayotengenezwa majanini. Mvua za kwanza zikinyesha, kuvu hao hutoa matunda yao, nayo ndiyo uyoga unaouzwa kwenye mabeseni kando ya barabara kuanzia Novemba na Desemba. Kina mama wanaoukusanya wanajua uyoga upi uko chini ya mti upi, na wanaufundisha kwa binti zao hivyohivyo, kwa jina la mti. Ukifyeka mtundu, uyoga wake nao umekwenda, na hakuna mbegu yake ya kununua.

Mchwa wana uyoga wao tofauti. Hulima kuvu ndani ya vichuguu, wakaulisha majani makavu na miti iliyoanguka, yaani yale yaliyopukutishwa Julai. Mvua zikija uyoga huo hutokeza juu ya kichuguu, na aina moja iliyoelezwa kisayansi kutoka Zambia mwaka 1980 huweza kufikia upana unaokaribia mita moja. Kichuguu chenyewe kina udongo wenye rutuba kuliko eneo lote linalokizunguka, na ndiyo maana juu yake huota miti ambayo hutaiona mahali pengine. Jani lililoanguka wakati wa kiangazi linarudi kama chakula masika, kupitia tumbo la mchwa.

Na mninga! Mbao zake zinajulikana kila karakana ya seremala Tanzania. Lakini mche wa mninga, ukishaota, hufa juu kila kiangazi. Shina dogo hukauka au huungua, ukasema basi. Mvua zikirudi huchipua tena, ukafa tena, mwaka baada ya mwaka, na pengine huchukua miaka kumi hivi. Muda wote huo unajenga mzizi. Siku mzizi ukitosha, shina hupanda kwa kasi, likapita urefu ambao moto hauwezi kulifikia. Kwa hiyo katika pori "tupu" la Agosti, chini ya majivu, kuna mininga mingi isiyoonekana iliyokwisha kuishi miaka mingi. Trekta likipita hapo, dereva hataona kama ameua kitu.

Matrekta yalikwisha kupita. Mwaka 1946 wataalamu waliotumwa na Waingereza walikagua Tanganyika, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege, na mwaka uliofuata ukaanza mradi wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulikuwa kufyeka na kulima zaidi ya ekari milioni 3. Waliona nchi kubwa yenye watu wachache na miti ambayo haikuwa na maana kwao. Mashine zilivunjika kwenye visiki na mizizi, mvua hazikufuata ratiba yao, mavuno hayakuja. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na serikali ya Uingereza ikaandika hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Hakuna aliyewauliza Wanyamwezi kwa nini wao walilima vipande vidogo na kuacha sehemu kubwa ikiwa msitu.

Urambo baada ya karanga ikawa nchi ya tumbaku, na hapo jeraha likawa la kudumu. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya mabani kwa moto wa kuni, siku kadhaa mfululizo bila kuzimwa. Kuni hizo ni miombo. Tena tumbaku huchosha udongo na kuleta minyoo ya mizizi, hivyo mkulima hutafuta shamba jipya, na shamba jipya maana yake ni msitu mwingine uliong'olewa visiki. Watu husema mkaa ndio adui mkubwa, na ni kweli mkaa unakula sana. Lakini mahali palipokatwa mkaa visiki vikaachwa, miombo huchipua yenyewe, na katika miaka ishirini au thelathini unaweza kusimama chini ya kivuli. Panapong'olewa visiki harudi mtu kivulini. Simlaumu mkulima wa Urambo au Kaliua, kwa kuwa chama cha msingi kinampa mbolea ya tumbaku kwa mkopo na zao lingine halina mnunuzi wa uhakika kama huo. Nalaumu mpangilio unaohesabu bei ya tumbaku na kuacha kuhesabu kuni.

Kwa nini basi Ugalla ilibaki? Sehemu kubwa ya jibu ni ndorobo, mbung'o huyo mwenye kuuma. Alizuia ng'ombe. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale uliifanya serikali ya kikoloni iwahamishe watu wengi wa magharibi kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika makazi ya pamoja, na nyuma yao msitu ukafunga. Tukumbuke hilo tunapouita msitu huu wa asili usioguswa. Watu waliishi humo, wakaondolewa.

Waliobaki wakirudi ni warina asali. Hao ndio wanaoijua miombo kwa kalenda yake. Mtundu na myombo huchanua karibu na majani mapya, kabla ya mvua; mtondoro huchanua mwishoni mwa masika. Ndiyo maana kuna majira mawili ya asali, na mrinaji mzoefu hukuambia kwa kuonja tu ni ya lini. Niliwahi kutembea na mzee mmoja wa kazi hiyo, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akajibu marahaba, kisha tukaenda muda mrefu bila kusema. Mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali, alipoanza kulia juu ya mti mbele yetu, akinyanyuka na kutua na kutuangalia, mzee alimjibu. Nikamuuliza mzee kama ndege huyo huwa anamdanganya. "Mwanangu," akasema, "huyu ana njaa kama wewe. Akikuita, usimcheleweshe."

Kwamba mlembe na binadamu wanaelewana, sayansi imekwisha kupima. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa huko Msumbiji, ambako pia ni miombo, warina asali wa Kiyao humwita ndege huyu kwa mlio wao maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ukitumia mlio huo, uwezekano wa kuonyeshwa mzinga unapanda kutoka asilimia 17 hadi 54, ukilinganisha na sauti nyingine. Utafiti wa mwaka 2023 ukaongeza kwamba mlembe wa Niassa huitikia zaidi mlio wa Wayao na yule wa nchi ya Wahadzabe huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe. Ndege wa porini amejifunza lugha ya jirani zake. Watu wakiacha kurina mahali fulani, kizazi kijacho cha ndege hakitakuwa na wa kuzungumza naye.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya marafiki zangu wa uhifadhi. Ugalla ilipokuwa pori la akiba, warina asali na wavuvi waliruhusiwa kuingia kwa msimu, miezi ya kiangazi, kwa kibali. Hifadhi ya taifa haina nafasi hiyo. Shughuli za namna hiyo hukoma mpaka unapoanza. Ninaunga mkono ulinzi mkali dhidi ya ujangili, na tembo wa magharibi wanauhitaji. Lakini mrinaji ni mtu ambaye riziki yake inategemea mti ulio hai unaochanua. Yuko ndani ya msitu wakati ambapo hakuna mtalii anayetaka kuwa humo. Anaona nyayo za mgeni kabla ya askari yeyote. Kumtoa ni kupoteza jicho ambalo halilipwi mshahara.

Si kwamba urinaji hauna madhara. Mzinga wa gome huua mti, kwa sababu gome huvuliwa kuzunguka shina lote, na mti unaochaguliwa huwa ni uleule myombo unaowapa nyuki maua. Moto wa kambi usiozimwa nao umeteketeza maeneo mengi. Haya yanazungumzika. Mizinga ya ubao ipo. Na kuhusu moto, jibu limekuwepo tangu zamani: huko Ndola, Zambia, vipande vya miombo vilitengwa katika miaka ya 1930, vingine vikachomwa mapema kila mwaka nyasi zikiwa bado na unyevu, vingine vikachomwa mwishoni mwa kiangazi. Vilivyochomwa mapema vilibaki na miti. Vilivyochomwa kwa kuchelewa viligeuka nyasi. Moto wa Juni na moto wa Septemba ni vitu viwili tofauti kabisa, na kuupiga marufuku moto wote bila kupanga wa mapema ni kuukaribisha ule wa Septemba.

Tanzania inajua njia nyingine, tena iliibuni yenyewe. Duru-Haitemba, Babati, ni msitu wa miombo ambao serikali ilikuwa imeanza kuuwekea mipaka ili uwe hifadhi yake. Wananchi walipinga, na katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinane vikakabidhiwa ulinzi wake. Wakajiwekea sheria ndogo, wakachagua walinzi, wakasimamisha mkaa na ukataji holela, na msitu uliokuwa ukiharibika ukaanza kurudi. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ikaupa mtindo huo nguvu nchi nzima: kijiji kinaweza kutangaza msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kikausimamia na kubaki na mapato. Kilwa, vijiji vilivyosaidiwa na shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii, na mpingo wao ukaweza kuuzwa kwa watengeneza klarineti kwa bei ambayo mfanyabiashara wa njia za panya hakuwahi kuwalipa.

Kuzunguka Ugalla ardhi ya vijiji ipo, na miombo bado imesimama juu yake. Mifugo inaingia kwa wingi sasa kwa kuwa ndorobo wamepungua, mashamba ya tumbaku yanasogea, na ushoroba wa wanyama kutoka mtoni kwenda vilima vya sokwe unapita katika ardhi hiyo, nje ya uzio wa sheria za hifadhi. Ninachoomba kwa wanaochora mipaka ni kwamba vijiji hivyo vipimiwe misitu yao mapema, kabla mabani hayajafika. Kwamba mbuga zihesabiwe ndani ya msitu na zisiachwe nje. Kwamba kambi za warina asali ziandikishwe, zipewe mizinga ya ubao, na zikabidhiwe kazi ya kuchoma mapema mwezi Juni kwa pamoja na askari wa TFS, wakala wa misitu, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Na upimaji wenyewe ufanyike kwa miguu, mara mbili kwa mwaka, Julai na Desemba, na mzee wa kijiji awepo mara zote mbili.